Amerikani isiyopaushwa kwa kanzu ya kizamani: inafaa, lakini si kila jora

Kwa kanzu ya Unguja ya karne ya 19, poplini nyeupe inayong'aa haifai hata ikishonwa na fundi hodari. Kinachotakiwa ni amerikani ghafi, kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kile cha rangi ya krimu yenye chembe za kahawia za maganda ya mbegu. Jina linaeleza asili yake. Kitambaa kililetwa na meli za Salem, Massachusetts, katika biashara iliyopata mkataba rasmi mwaka 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) vilipokausha pamba, viwanda vya Uingereza na Bombay vikaziba pengo, lakini mnunuzi aliendelea kuita amerikani.

Inayouzwa madukani leo tunaipa alama nzuri kwa sura na kwa jinsi inavyoanguka mwilini. Kasoro yake kubwa ni dondo. Kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi chache hujazwa wanga hadi kionekane kizito, kisha kikifuliwa kinabaki kama chandarua. Sugua kona yake kwa viganja juu ya kitambaa cheusi: unga mweupe ukimwagika na nyuzi zikaanza kuteleza, rudisha jora. Ukikiinua kwenye mwanga usione vishimo vinavyolingana na tundu la sindano. Uzito unaofaa ni gramu 140 hadi 170 kwa mita ya mraba. Choma pia uzi mmoja: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, ukipata kidonge kigumu cheusi, mna poliesta ndani, na jasho litakueleza mengine.

Usikate kabla ya kufua. Loweka usiku kucha kwenye maji baridi, fua kwa maji ya moto, anika, piga pasi kingali na unyevu. Amerikani nyingi hupungua kama asilimia 7 upande wa mtande (nyuzi za urefu) na 3 tu upande wa mshindio (nyuzi za upana), ndiyo maana kanzu iliyokatwa kabla ya kufuliwa hupanda juu ya vifundo bila kubana kifua. Jaribu kwanza na kipande cha sentimita 20 kwa 20.

Kwa mtu wa urefu wa kati, kifua sentimita 100, bega hadi kifundo sentimita 140, hesabu ya kitambaa cha inchi 36 (kikifuliwa hubaki kama sentimita 88) ni hii. Badani moja ndefu (kipande cha mbele na nyuma) ya sentimita 290 kwa 60, inayokunjwa begani bila mshono. Ubavuni mwake hubaki utepe wa sentimita 28: kata mistatili miwili ya urefu wa 120, kila mmoja uupasue kona kwa kona upate taharizi nne, vipande vya pembetatu vya kupanua ubavu. Kipande kinachobaki, 50 kwa 28, kinatoa vikwapa viwili (viraka vya chini ya kwapa) vya 12 kwa 12, kaba ya shingo na lisani ya mpasuo wa kifuani. Mikono inahitaji sentimita 52 zaidi, ikigawanywa katikati ya upana. Jumla ni 342 baada ya kufua, yaani kama 368 dukani. Doti, kipimo cha zamani cha kitambaa cha mikono (dhiraa) minane, ilikuwa karibu sentimita 366. Nunua mita 4.

Makosa hutokea kwenye taharizi. Upande ulionyooka uungwe na badani, na pande za mshazari ziungane zenyewe kwa zenyewe. Ukizigeuza, mshono wa badani utavutika na kukunjamana. Hata zikiwekwa sawa, mshazari hushuka, basi tundika kanzu siku mbili kabla ya kukunja upindo. Kikwapa kisirukwe eti kwa kuwa hakionekani: bila hicho, kuinua mkono mara chache kunapasua ubavu. Cherehani itumie sindano namba 14. Kwenye mishono mirefu, ukingo mmoja wa ndani upunguzwe hadi nusu, mwingine ukunjwe juu yake na kulazwa.

Jambo moja halirekebishiki. Mashine nyingi za leo hufuma bila kisukuma uzi cha zamani, kile kilichopitisha uzi wa mshindio huku na huku bila kuukata, hivyo ukingo wa kitambaa hutoka na manyoya badala ya kujifunga wenyewe. Ukingo huo usiuache wazi ndani ya nguo kana kwamba umejimaliza. Ukunje kama mkato mwingine. Anayechungulia ndani ya vazi atagundua tofauti, ingawa wachunguliaji si wengi.

Kanzu ya mfuto, isiyo na nakshi, ndiyo inayoipendeza zaidi amerikani. Kwa nakshi ya hariri nyekundu shingoni, loweka uzi dakika 30 kwenye maji ya moto pamoja na kipande cheupe kabla ya kushona hata mshono mmoja, maana nyekundu ikichuja kwenye kitambaa kisichopaushwa haitoki. Ndani vaa kikoi: hata jora zuri huonyesha miguu juani.

Kwa nguo za Ulaya, inatosha kwa gauni la majaribio na kwa shimizi (vazi la ndani) ya miaka ya 1840. Shimizi ya miaka ya 1770 itafutiwe kitani.