Kahawa ya Wae Rebo: tathmini ya mfuko mmoja kutoka kisiwa cha Flores

Mfuko ninaouandikia una robo kilo ya kahawa ya arabika iliyokaangwa na kusagwa. Ilivunwa Wae Rebo, kijiji kilicho katika milima ya Manggarai, magharibi mwa kisiwa cha Flores nchini Indonesia. Hauuzwi katika duka lolote la Moshi. Uliletwa na mgeni aliyekuja kupanda Mlima Kilimanjaro, ambaye aliununua kijijini kwenyewe na kuona kwamba watu wanaoishi kwa kahawa wangefaa kuuonja. Tuliuonja mimi na wenzangu wawili wa kazini, tukiuweka kando ya arabika ya Kibosho, hapa kwetu Kilimanjaro, ya msimu uliopita. Kwa kuwa wengi watakaosoma hapa ni wakulima au watoto wa wakulima, nitaeleza kikombe na kijiji kwa pamoja, maana bei ya mfuko huu haieleweki kwa kuonja tu.

Kahawa hii ni nzito mdomoni kuliko yetu, uchachu wake ni mdogo, na humwachia mnywaji ladha ya kakao isiyotiwa sukari. Mwenzangu mmoja alisema amesikia mdalasini. Nadhani alijua tayari kwamba kule wanapanda mdalasini na karafuu pamoja na mibuni, kwa sababu mimi sikuusikia hata kikombe kilipopoa. Nilichosikia ni moshi. Huko Flores, familia nyingi bado hukaanga kahawa katika kikaango juu ya kuni na kuitwanga katika kinu, na mtu aliyezoea ziara za kahawa za kijiji cha Materuni hapa Kilimanjaro hatahitaji kuelezwa zaidi. Tatizo ni kwamba moto wa kuni hauna usawa: katika unga huu chembe nyeusi kabisa zimechanganyika na za kahawia hafifu, na uchungu wa zile zilizoungua unafunika utamu ambao bila shaka ulikuwamo katika punje. Mfuko wenyewe hautaji mkaangaji, hauna tarehe ya kukaangwa, wala hausemi kahawa ni ya msimu gani. Umefungwa kwa plastiki nyepesi ambayo haizuii hewa. Kwa vipimo vya kazi yetu, Kibosho iliishinda kwa mbali, na hakuna kati yetu watatu aliyebisha.

Pamoja na hayo, mgeni wetu aliulipia bei ambayo mkulima wa Kibosho hajawahi kuiona kwa robo kilo, na alilipa kwa furaha. Alikuwa amefika kwa miguu, kwani gari humwacha mtu katika kijiji cha Denge, na kutoka hapo pikipiki huweza kupunguza kipande cha mwanzo tu; sehemu kubwa ya njia ni kupanda msituni kwa muda wa saa mbili au tatu, hadi uwanda ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mgeni haruhusiwi kuzurura wala kupiga picha kabla hajaingizwa katika nyumba kuu, ambako mzee humwombea kibali kwa mizimu ya kijiji. Baada ya hapo ndipo kahawa inapoletwa.

Nyumba zenyewe ni 7, zote za msonge, na paa lake la majani hushuka hadi karibu na ardhi. Kila moja ina ngazi 5: watu huishi chini, juu yao ni ghala la chakula, kisha mbegu, kisha akiba ya miaka ya ukame, na juu kabisa ni mahali pa sadaka za wahenga. Mchaga yeyote ataitambua nyumba hiyo, ila msonge wetu wa Marangu umebaki kuwa kitu cha kuonyeshwa watalii, wakati familia za Wae Rebo bado zinalala humo. Nusura zisilale. Kufikia mwaka 2008 zilikuwa zimebaki nyumba 4 tu, ndipo mbunifu wa majengo Yori Antar na wenzake wakatafuta fedha, na wanakijiji wakazijenga upya zile zilizopotea kwa ufundi wao, wazee wakiwafundisha vijana. Mwaka 2012 UNESCO iliipa kazi hiyo tuzo yake ya juu ya uhifadhi wa urithi kwa Asia na Pasifiki, na wageni wakaongezeka.

Wageni hao hulala kwenye mikeka katika nyumba iliyotengwa kwa ajili yao, hulipa ada moja iliyopangwa na kijiji, na hula chakula kinachopikwa na wanawake kwa zamu. Asubuhi wanapita kwenye uwanja ambako kahawa imeanikwa, na mwenye kahawa yuko hapohapo. Hili ndilo lililonifikirisha kuliko ladha. Sisi tulianza kujipanga kuuza pamoja tangu chama cha wakulima wa asili wa Kilimanjaro cha mwaka 1925, kabla ya KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, na tuna kiwanda cha kukoboa, madaraja ya ubora na waonjaji; lakini mkulima wetu hupeleka kahawa ya maganda kwenye chama chake cha msingi na kusubiri malipo, naye hamfahamu mnywaji wake. Kule hakuna daraja lolote lililopimwa, ila fedha ya mnywaji inaingia mkononi mwa mvunaji siku hiyohiyo.

Sitaki msomaji adhani kwamba maisha ya huko ni mepesi. Mchele, saruji na kila kitu kingine cha dukani hupandishwa mabegani, na kahawa inayokwenda kwa wafanyabiashara wa bonde hushushwa vivyo hivyo. Watoto wanaosoma hukaa Kombo, kijiji cha chini ambacho ni pacha wa Wae Rebo, na wanaotaka elimu ya juu zaidi huenda mbali zaidi, wengine hadi mji wa Ruteng; atakayerudi kulima ni yule mwenye sababu ya kurudi. Wapo watalii wanaoomba barabara isifike kamwe ili kijiji kibaki kilivyo. Siungi mkono ombi hilo, linalotoka kwa watu waliopanda njia ile mara moja wakiwa na mfuko mdogo mgongoni. Tangu mwaka 2015 serikali ya Indonesia hupeleka fedha kwa vijiji kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2014, na wanakijiji ndio wanaopaswa kuamua njia hiyo ipanuliwe hadi wapi.

Ninachohofia zaidi ni utegemezi wa wageni. Mwaka 2020 Indonesia ilipofunga mipaka kwa sababu ya korona, vijiji vya namna hii vilikosa watalii kwa muda mrefu, jambo ambalo wapagazi wa Machame na Marangu hawahitaji kusimuliwa. Mbuni uliendelea kuzaa. Kwa sababu hiyo naona kwamba matumaini ya Wae Rebo yamo zaidi katika kuboresha kahawa kuliko katika kuongeza nafasi za kulaza wageni: kuchuma zilizoiva tu, kuzianika juu ya vichanja badala ya chini, na kununua kikaangio kimoja cha pamoja chenye kipimo cha joto. Mfuko wenye tarehe na wenye kufungika vizuri hauhitaji fedha nyingi.

Kwa atakayepitia Labuan Bajo, mji wa bandari wa magharibi mwa Flores, akielekea huko, ushauri wangu ni kwamba asinunue ya unga kama hii. Aombe punje ambazo hazijakaangwa, achague mwenyewe zilizo na rangi moja, na amlipe mkulima bei ileile ya mfuko uliosagwa. Punje ghafi zitavumilia safari, na hapa Moshi hatakosa wa kumkaangia.