The Disintegration Loops kwa masikio ya fundi redio wa Kadutu

Kaseti ni kutu. Sisemi kwa dharau. Ule ukanda wa kahawia ni unga wa kutu ya chuma uliogandishwa kwa gundi juu ya plastiki nyembamba, na wimbo wote umo ndani ya unga huo. Gundi ikizeeka, na hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, unyevu wa ziwa unaizeesha haraka, unga unabanduka. Ukiipiga kaseti ya namna hiyo, kichwa cha kusomea kinaukwangua, na kilichokwanguka hakirudi. Nina zaidi ya miaka ishirini nikitengeneza redio-kaseti huku Kadutu, na unga huo nimeufuta kwa pamba na spiriti siku nyingi kuliko nilivyokula nyama. Kwa hiyo mteja wangu mmoja kijana aliponiambia ana albamu ya muziki wa ukanda unaooza, The Disintegration Loops, niliweka bisibisi chini nikamwambia anipigie.

Mwenye kazi hiyo ni Mmarekani, William Basinski. Miaka ya 1980 alikuwa anakata vipande vifupi vya ukanda wa bobini, anaunga miisho yake ikawa pete, ili sekunde chache za muziki zizunguke bila mwisho. Pete hizo zikakaa miaka karibu ishirini. Mwaka 2001, akiwa Brooklyn, New York, akaanza kuzihamishia kwenye dijitali ili zisipotee, na zilipokuwa zinazunguka akaona unga unadondoka. Pete ilikuwa inafia mikononi mwake. Fundi yeyote angezima mashine. Yeye aliacha irekodi mpaka mwisho, na hapo ndipo namheshimu.

Watu wanauita muziki wa aina hii droni. Huku kwetu neno hilo lina maana nyingine, na watoto wakilisikia wanatazama juu. Mimi nasema muziki wa mvumo.

Kipande cha kwanza, dlp 1.1, kina zaidi ya saa moja. Mwanzoni unasikia kama tarumbeta zinapigwa mbali, ng'ambo ya kilima, wimbo mfupi wa huzuni isiyo na haraka. Unarudi. Unarudi tena. Dakika kumi za kwanza utadhani hakuna kinachobadilika, na hapo wengi wanazima. Usizime. Sikiliza ule mwisho wa sauti, pale tarumbeta inapotakiwa kushuka: siku zote inashuka, halafu mzunguko mmoja haishuki, kuna tundu. Mzunguko unaofuata tundu lipo palepale, limepanuka kidogo. Mimi nalijua tundu hilo. Ni mahali ambapo unga umetoka na plastiki imebaki uchi. Kuelekea mwisho matundu ni mengi kuliko muziki, na kinachobaki ni vishindo vya chini na mkwaruzo, lakini sikio lako limeshaukariri wimbo, kwa hiyo wewe ndiye unayeimba pale penye kimya. Sijawahi kusikia albamu nyingine inayompa msikilizaji kazi kubwa namna hiyo.

Huko kwao ilipokelewa kwa namna ambayo naielewa, ila siifuati yote. Asubuhi ya tarehe 11 Septemba 2001, minara miwili ya New York iliposhambuliwa kwa ndege ikaanguka, Basinski alikuwa Brooklyn, na jioni yake akarekodi kwa kamera, kutoka juu ya paa, moshi ukipanda mwanga unapoisha. Picha za moshi ule zikawa majalada ya juzuu nne za albamu hiyo, zilizotoka 2002 na 2003. Mwaka 2011, miaka kumi ya msiba, okestra iliicheza katika jumba la makumbusho la Metropolitan, watu wazima na vyombo vizima wakijifunza kukatika kama ukanda. Ilipotolewa upya kwa kasha kubwa mwaka 2012, Pitchfork, jarida la muziki la mtandaoni la Marekani, waliipa 10 juu ya 10. Leo ni vigumu kupata mtu anayeizungumzia bila kutaja minara. Wana haki, ni wafu wao. Lakini pete hizo zilikuwa zinakufa kabla ya asubuhi ile, na zingekufa hata kama anga lingekuwa jeupe siku zote. Anayeisikiliza kupitia moshi tu anakosa unga.

Hapa mtaani imepokelewa hivi. Mwanafunzi wangu alikaa dakika nne: "Muzee, telefone imebloka." Mama anayeuza unite za simu mlangoni kwangu akaniuliza kama redio haijapata stesheni. Mwalimu wa kwaya, aliyekuja kuchukua amplifaya yake, alisimama, akavuta kiti, akakaa saa nzima akiwa na amplifaya magotini. Alipoondoka hakusema neno, ila kesho yake alirudi na mega za intaneti za kutosha, akaniomba kijana amwekee yote.

Sasa niseme kwa nini inanigusa. Mwaka uleule kijana alioniletea albamu hii, lakini kabla sijaijua, mama mmoja wa mtaa wa Panzi, hapahapa Bukavu, aliniletea kaseti ya marehemu mume wake. Enzi zile mtu akiwa miji ya mbali, Kindu au Kalemie, alituma kaseti badala ya barua, anasalimia watoto mmoja mmoja kwa jina. Alitaka niihamishie kwenye simu. Nikaitia kwenye mashine nipime sauti tu, sekunde kumi hivi, kabla ya kuunganisha simu. Ilikuwa kosa langu. Sauti ilisema jambo la kwanza, ikafifia. Nikasimamisha, nikapitisha pamba kwenye kichwa, ikatoka na mstari wa kahawia mzito. Salamu zake zilikuwa pale kwenye pamba. Nilimwambia ukweli. Tukairekodi iliyobaki kwa mpigo mmoja, bila kurudia, na yeye alikaa amefumba mdomo kwa kiganja mpaka upande wa kwanza ukaisha.

Ndiyo maana nasema dlp 1.1 inatosha. Juzuu ya nne inarudisha pete ileile katika dlp 1.2 na 1.3, na kwangu hiyo ni kumzika mtu mara tatu. Ile dlp 2.1, ya dakika kumi na moja hivi, ni nzito na ya kutisha kidogo, nzuri kwa anayetaka kuonja kabla ya kula. Usitumie spika ya simu, inaua chini yote na utabaki na mkwaruzo. Tafuta hedifoni, au spika ya mbao kama zile za zamani. Subiri usiku umeme ukikatika, majenereta yakishazimwa, na mvua isiwe inapiga mabati.

Yule mama wa Panzi alirudi wiki mbili baadaye na kaseti nyingine ya mume wake. Nikamuuliza kama ana simu yenye nafasi. Akasema, "Hapana, fundi. Nibadilishie tu kasha, hili limepasuka. Ukanda usiuguse."