Zilipendwa za Jumapili kwenye redio yetu Tabora: "Au mama ulikuwepo?"

Nilisema sitaandika. Nimekaa na jambo hili tangu ile Jumapili nikidhani litaniisha kifuani, na mpaka leo halijaisha, kwa hiyo naandika maoni haya, na mwisho niwape nyota zao.

Mimi ni fundi cherehani, Isevya, hapa Tabora mjini. Kibarazani kwangu redio huwashwa kabla sijatoa mfuniko wa cherehani. Jumapili nafungua mchana tu, kwa ajili ya wenye haraka zao za harusi na sare za shule, ila ukweli ni kwamba nafungua kwa ajili ya kipindi cha zilipendwa cha redio moja ya FM ya hapa mjini. Jina naliacha. Nimekisikiliza kipindi hicho miaka mingi, tangu kikiwa mikononi mwa mtangazaji mtu mzima aliyekuwa akisema jina la bendi, jina la mtindo wake, kisha ananyamaza wimbo upite. Yule aliondoka. Sasa yuko kijana.

Siku hiyo nilikuwa napinda gauni la kitenge la mama mmoja wa Ng'ambo. Gitaa la mwanzo likalia, na mguu wangu ukatoka kwenye pedeli wenyewe. Kabla sauti haijaingia nilishajua ni Tabora Jazz, ni Dada Asha. Sijui wa mahali pengine wanausikiaje wimbo huo. Sisi tuliokulia hapa tukiusikia tunaangaliana.

Kijana akaingia juu ya gitaa. Hakusubiri hata mwimbaji afungue mdomo. Akasema, "Hii nyimbo ni ya wakali kutoka Kongo, zama zile Wakongo walikuwa hawana mpinzani!"

Kongo! Wimbo mmoja anauita nyimbo, hilo nilishazoea. Lakini Kongo?

Tabora Jazz ilikuwa bendi ya mji huu. Mtindo wao ni Segere Matata, na Shem Karenga aliyeiongoza alitokea Kigoma, alikoanzia na Lake Tanganyika Jazz kabla ya kuja kwetu. Sikatai kwamba magitaa ya Kongo yalitufika mapema watu wa huku Magharibi. Kigoma na Kongo ni ziwa tu limekaa katikati, na wanamuziki wetu waliyasikiliza magitaa yale wakayapenda. Lakini mtu akipenda mapishi ya jirani, chungu hakiwi cha jirani. Na si bendi hiyo peke yake. Tabora hii hii ilikuwa na Kiko Kids ya Salim Zahoro, ilikuwa na Nyanyembe Jazz. Hata Western Jazz, waliokuwa Dar es Salaam na mtindo wao wa Saboso, jina lile walilipata kwa sababu walioianzisha walikuwa watu wa huku kwetu. Mji wenye historia hiyo, redio yake yenyewe inautangaza wimbo wake kuwa ni mgeni!

Nikapiga simu. Mara mbili ikawa bize, ya tatu ikapokelewa, na moja kwa moja nikawa hewani.

"Habari ya Jumapili, mwanangu."

"Poa, bi mkubwa. Unawasalimia akina nani?"

"Leo simsalimii mtu. Wimbo uliopiga si wa Wakongo. Ni wa Tabora Jazz, bendi ya hapa hapa mjini."

Akacheka. Akasema, "Mama, hapa kwenye kompyuta imeandikwa Kongo. Au mama ulikuwepo?" Nikamsikia na mwenzake humo studio akicheka. Nikafungua mdomo nimjibu, simu imekatwa, na redioni linaendelea tangazo la dawa ya nguvu.

Binti anayejifunza kazi kwangu alikuwa amekaa pale pale na pasi mkononi. Ameyasikia yote, mara mbili, kwangu na redioni. Akainamisha kichwa kama yeye ndiye aliyekosa.

Basi jibu ambalo sikuachiwa nafasi ya kulitoa ni hili: ndiyo, nilikuwepo.

Baba alikuwa mtu wa reli, tukakaa kota za reli. Redio yake ilikuwa National ya betri, imevaa koti la ngozi lenye matundu mbele, na aliyeruhusiwa kuigusa ni yeye na kaka mkubwa tu. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati, zikapata uhai wa siku mbili zaidi. Kituo kilikuwa kimoja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na ikabaki hivyo mpaka redio za watu binafsi zilipoanza miaka ya 1990. Zikifika Salamu za Wagonjwa mama alinyamazisha nyumba nzima, maana huenda akatajwa mtu wetu. Wimbo ulikuwa unausubiri. Ukipigwa Jumanne ukaukosa kwa sababu umetumwa kisimani, ndio umeukosa, na wenzako watakusimulia.

Bendi zilirekodi huko huko Dar es Salaam, kwenye studio ya RTD. Baba akirudi kazini alikuwa akituambia, "Leo vijana wa Tabora Jazz wamepanda treni na magitaa yao." Safari ya kilomita zaidi ya 800 ili wakaingie chumba kimoja, wapige wote kwa pamoja, na mmoja akikosea warudie tangu mwanzo. Halafu sisi huku tunakaa na redio, tunangoja watutoke hewani. Walipotoka, kota nzima ilisikika kama nyumba moja, dirisha hadi dirisha.

Na niliwaona. Nilikuwa mdogo, kama wa darasa la tatu. Kaka alinichukua jioni moja, na ukumbini sikuingia, hapakuwa mahali pa watoto. Tulikaa nje, watoto kama kumi, migongo imeegemea ukuta, na gitaa la besi likawa linapita ukutani linaingia mgongoni. Nalisikia hata sasa ninapoandika. Mmoja wao akatoka nje kupunga upepo, shati limelowa jasho, akatuona akasema, "Nyie watoto hamlali?" Akarudi ndani. Dakika chache baadaye wakaingia kwenye chemko na ukumbi mzima ukapiga kelele.

Hilo la chemko ndilo kosa la pili, na kwangu ni kubwa kuliko la Kongo. Nyimbo nyingi za dansi za wakati ule zina nusu mbili. Ya kwanza inakwenda pole, mwimbaji anakueleza shida yake, anambembeleza mtu au anamlaumu. Ukishamwelewa, bendi inabadilika: solo linapanda, rizimu inakazana, tumba zinaamka, na waliokuwa wanacheza wameshikana wanaachana kila mtu ajionyeshe. Nusu ya kwanza inakuandaa kwa ajili ya hiyo ya pili. Kijana huyu kila wimbo anaukata hapo hapo, chemko linapoanza. Anaweka sauti ya kujisifu ya kituo chao, anataja namba ya simu, anahamia wimbo mwingine. Jumapili moja nilihesabu nyimbo kumi na moja na hakuna hata mmoja aliouacha ufike mwisho. Afadhali asipige kabisa.

Nikitulia nakumbuka mazuri yao, na lazima niyaseme. Hakuna redio nyingine hapa mjini inayotoa saa tatu nzima kwa nyimbo hizi. Salamu zao zinawafikia watu: jirani yangu mjane husalimiwa na mwanawe aliyeko Kaliua kupitia kipindi hicho, na Jumapili hiyo anavaa vizuri akiwa amekaa tu sebuleni kwake. Mtangazaji yule wa zamani alinifundisha mambo mengi ambayo hata baba hakuyajua. Kwa hiyo siwezi kusema redio yote ni mbovu. Nilitaka kuwapa nyota moja nikasita, nikasema mbili.

Halafu nakumbuka kile kicheko, na hata hiyo moja naona ni nyingi.

Mwanangu wa Mwanza alipopata habari akaniambia, "Mama, achana nao." Akaniletea flashi yenye nyimbo zaidi ya 200, Marijani Rajabu, Mbaraka Mwinshehe, NUTA, Sikinde, Tabora Jazz wote. Ni zawadi nzuri na nimemshukuru. Nyimbo zinafika mwisho, sauti safi. Niliisikiliza siku tatu. Siku ya nne nikagundua najua wimbo gani unafuata. Na nikiweka Dada Asha naisikia mimi na binti wangu tu, hakuna kinyozi anayeongeza sauti upande wa pili, hakuna mwendesha bodaboda anayesimama mlangoni akauliza, "Mama, hawa ni akina nani?" Ninachokitaka ni kuusikia wakati ule ule anaousikia mtu wa Cheyo na wa Kanyenye na yule mzee wa pale sokoni anayeuza asali, bila kupanga. Hilo flashi haina, na kijana yule analo mkononi na hajui amelishika.

Jumapili iliyofuata sikufungua redio. Nilishona kimya. Kinyozi wa mlango wa pili yeye aliiacha yake, na ukuta wetu ni mmoja. Saa ya pili ya kipindi nikasikia gitaa lile. Nikasimama. Nikasikia kijana anasema, haraka haraka kama mtu anayemeza kidonge, "Tabora Jazz, bendi ya nyumbani." Basi. Hakusema alikosea wiki iliyopita, hakusema kuna mama alipiga simu. Nikangoja aukate. Chemko likaingia, akanyamaza. Likaendelea, akanyamaza. Nikatoka nikaenda kusimama mlangoni kwa kinyozi na futi yangu ikiwa bado shingoni. Ndani kulikuwa na mzee mmoja kwenye kiti, kichwa nusu kimenyolewa, na kinyozi ameshika mashine hewani, haigusi nywele. Hatukusemezana mpaka nota ya mwisho.

Nilirudi kwenye cherehani nikakaa muda bila kushona.

Sasa nyota ni ngapi? Watu wananiuliza kama nimewasamehe. Kusamehe nini, wakati hakuna aliyeomba? Aliniuliza swali mbele ya mji mzima akanikatia jibu, na mji mzima haujasikia jibu lile. Sahihisho la maneno matano halirudishi hilo. Lakini ule wimbo aliuacha ufike mwisho, na hilo siwezi kulidhulumu. Nilikuwa nimeandika hapa juu nyota mbili, nikataka kufuta niweke moja. Wekeni tatu, na moja ya hizo ni ya fundi mitambo, kama ndiye aliyemshika mkono.

Kama wa huko studio mnasoma: mkipata wimbo hamuujui, ulizeni kabla ya kusema Kongo. Wazee wapo Gongoni, wapo Ng'ambo, wengine walipiga tumba wenyewe, na wanasikiliza. Na kijana, ukipokea simu ya mtu mzima, muite mama, hiyo bi mkubwa iache kijiweni.

Jumapili hii nitafungua redio tena. Akipiga Kiko Kids akasema ni Wakongo, nitapiga simu, na safari hii nitaanza na jibu kabla ya salamu.