TAHADHARI: Nimeuziwa kipimajoto cha homa nikaambiwa ni cha gereji

Jamani, nimepigwa. Naandika nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, msinicheke. Mimi ni fundi magari, na kwa muda mrefu nilikuwa nakisaka hiki kidude chenye umbo la bastola, unakielekeza kwenye injini kinasoma joto bila kugusa.

Jamaa alikuja na boksi jipya limefungwa nailoni, ubavuni limeandikwa nyuzi -50 hadi 550. Akalichana mwenyewe mbele yangu. Akajipima paji la uso: 36.5. Akanipima mimi: 36.6. Akabonyeza kitufe, akakisogeza kwenye chai yangu: 61. Nikagusa kikombe, kweli cha moto. Akapima ukuta: 27. Hapo nani angebisha?

Ila si namba zilizonimaliza. Nilimuuliza mbona hakina ile taa nyekundu ya leza. Akajibu bila kupepesa macho: "Fundi, leza haipimi kitu, inaonyesha tu unapolenga. Wanaoililia ni wale wasiojua." Na hilo ni kweli! Mimi mwenyewe nawaimbia vijana kila siku kwamba leza ni ya kulengea, joto linasomwa kupitia lenzi. Nikajiona nimempata mtu anayeijua kazi. Nikatoa hela taslimu, sikuomba apunguze, risiti sikudai. Ujuzi wangu mwenyewe ndio alionifungia kamba.

Kesho yake likaja gari la mzee mmoja, injini inamisi. Kazi rahisi: unawasha ikiwa baridi, unapima manifoldi ya ekzosi (mabomba yanayotoa moshi kwenye silinda) bomba moja moja, silinda isiyochoma bomba lake linabaki nyuma kwa joto. Nikatoa bastola yangu kwa madaha, vijana wamenizunguka. Bomba la kwanza: "Hi". La pili: "Hi". La tatu, la nne, "Hi" tupu. Mzee akainama, akakodolea kioo, akaniuliza kwa upole kabisa: "Fundi, hiyo Hi ni nyuzi ngapi?"

Vijana wakageukia ukutani. Mabega yao niliyaona yakitikisika.

Nikampigia yule mwizi. Eti chuma kinachong'aa kinadanganya, nibandike tepu nyeusi. Tepu kwenye manifoldi iwake moto? Halafu kung'aa kunashusha namba, unaona joto dogo kuliko lililopo. Hakuleti "Hi", ambayo maana yake joto limepita uwezo wa kipimo. Nilipomwambia hivyo akakata simu, na tangu hapo hapatikani.

Jioni nikakifuta grisi kwa petroli, stika ya "-50 hadi 550" ikabanduka yenyewe. Chini yake pamechorwa kichwa cha mtu na namba 32.0 hadi 42.9. Kipimajoto cha homa! Kile kitufe alichobonyeza ni cha kuhamia kwenye kupima vitu vya kawaida, na huko nako mwisho wake ni 100. Ndiyo maana chai ilisomeka. Mshenzi alijua kabisa aishie kwenye chai.

Mtu wa namna hii asipigwe faini, faini ataitoa kwenye hela zetu. Awekwe ndani, na kila asubuhi askari ampime paji kwa mashine yake mwenyewe.

Kwa wanaotafuta: kila alichopima alikisogelea mpaka sentimita chache, nami sikushtuka. Cha gereji chenye uwiano wa 12 kwa 1 (umbali kwa upana wa eneo kinalosoma) kinalenga duara la sentimita 5 ukiwa umbali wa sentimita 60, mkono hauko karibu na feni. Mwambie muuzaji apime kitu cha moto zaidi ya maji yanayochemka, kikaangio kikavu cheusi au ekzosi ya pikipiki iliyotoka kutembea. Akisitasita, ondoka. Na maji yenye barafu nyingi, ukiyakoroga, yasome karibu na sifuri. Kucha ipitishe kwenye stika. Karatasi ya maelezo isome pale pale, yangu haikuwemo, akasema "imebaki kwenye katoni kubwa" nami nikaitikia kama mtoto.

Mzee amepeleka gari kwingine. Kidude amekichukua mama watoto, juzi alimpima mdogo usiku kikasoma 38.2 na kweli mtoto alikuwa na homa. Kinafanya kazi vizuri sana. Ndicho kinachoniuma.