Dawa ya Pareto na Buibui wa Botini: Uzoefu Wangu Ziwa Victoria

Nimekuwa nikitumia dawa ya pareto ya kupulizia, ile ya kopo inayopatikana katika maduka ya pembejeo, kupambana na buibui katika boti ya faiba ninayobebea wageni kwenye Ghuba ya Mwanza. Kwa kuwa wenye boti wenzangu huniuliza mara kwa mara kama inafaa, naeleza hapa ninavyoiona: inamuua buibui unayemwona, haimzuii atakayekuja kesho, na haifai kabisa kupulizwa chombo kikiwa kimeelea majini.

Buibui mwenyewe hanisumbui sana, kwani ni mpole na hula wadudu. Kinachonikera ni kinyesi chake, vile vidoti vyeusi vinavyodondoka juu ya faiba nyeupe na viti vya ngozi bandia, ambavyo vikishapigwa na jua kwa siku kadhaa hung'ang'ania hadi uvisugue kwa sabuni na brashi. Halafu kuna suala la wageni. Jaketi okozi likitolewa chini ya benchi likiwa na utando mabegani, mgeni hulipokea kwa ncha za vidole viwili na kulishika mbali na mwili wake, na hapo hata ukieleza usalama wa chombo mpaka jua lizame, hakusikilizi.

Nikirudi kwenye dawa, kasi yake ni ya kuridhisha. Ukimpulizia buibui aliyejibanza kwenye pembe ya fremu inayoshikilia turubai, hukurupuka na kukimbia, kisha miguu huanza kutetemeka, hukunjamana na kuanguka. Hiyo ndiyo kazi ya sumu iliyomo katika maua ya pareto, yanayolimwa Iringa, Njombe na Mbeya, ambayo hushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu. Hata hivyo, sumu hiyo huvunjwa haraka na mwanga wa jua, kwa hiyo sehemu ya wazi ya boti uliyoipulizia asubuhi huwa haina kinga tena muda si mrefu baadaye. Isitoshe, buibui hukaa juu ya nyuzi zake, wala hatambai ukutani kama mende, hivyo dawa iliyobaki ukutani humgusa kidogo tu. Vifuko vya mayai navyo vimezungushiwa hariri nene ambayo dawa haiipenyi vizuri. Usipovikwangua kwa mkono, watoto watatoka kana kwamba hukufanya lolote.

Jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka ni samaki. Pareto, pamoja na jamaa zake wanaotengenezwa viwandani kama pamethrini na sipamethrini, ni sumu kali kwa samaki na kwa vijidudu wanaoliwa na samaki, hata kama lebo imepambwa kwa picha ya ua na neno asilia. Katika ziwa ambalo watu huvua sato na dagaa, na wengine huchota maji ya kunywa hatua chache kutoka mwaloni, sioni udhuru wa kupuliza dawa hiyo juu ya maji. Mimi hupuliza boti ikiwa imevutwa nchi kavu, siku isiyo na upepo, huku swichi kuu ya betri ikiwa imezimwa na tangi la petroli likiwa limefungwa, kwa sababu makopo mengi ya namna hii hutumia gesi inayoshika moto. Baada ya hapo hufuta kwa kitambaa na kukitupa pamoja na taka za nchi kavu, badala ya kusuuza kwa ndoo kuelekea ziwani.

Nilijaribu pia huduma ya kampuni moja ya kupuliza dawa majumbani. Fundi wao alitaka kufanya kazi boti ikiwa imetia nanga, nikakataa. Ilipovutwa juu alipuliza dawa ya kiwandani ambayo harufu yake ilikaa kwenye viti muda mrefu kuliko matokeo yake. Sishangai, maana buibui wadogo husafiri angani kwa kupeperushwa na uzi wao, na kuua waliomo botini hakufungi njia hiyo. Mwaka 1832, mwanasayansi Charles Darwin aliwaona buibui wa namna hiyo kwa maelfu katika kamba za meli Beagle, nje ya pwani ya Amerika Kusini, takribani kilomita 100 kutoka nchi kavu. Boti yangu hulala umbali wa jiwe la kurusha kutoka kwenye matete.

Kilicholeta nafuu ya kweli ni taa. Wenyeji wa ziwa wanajua vile vijidudu vinavyoinuka juu ya maji kama nguzo za moshi, hasa mwezi unapoandama. Usiku vijidudu hivyo hufuata mwanga, na buibui hufuata chakula. Mvuvi wa dagaa hutegemea taa kuvuta dagaa, nami kwa taa nyeupe iliyowaka usiku kucha nilikuwa nikiwaandalia buibui karamu. Niliweka taa ya njano iliyokolea, ambayo wadudu wengi hawaikimbilii kama nyeupe, nikaizima kila ambapo mlinzi haihitaji, na kila asubuhi fagio la buibui hupita kwenye fremu, chini ya mabenchi na nyuma ya injini kabla utando haujawa mkubwa.

Kwa hiyo bado nanunua dawa ya pareto, lakini kopo dogo tu, kwa ajili ya mianya ya ndani ambako ufagio haufiki na jua halipigi; huko ndiko inakostahili bei yake. Anayetarajia kupuliza mara moja na kusahau asipoteze fedha. Kwa mtengenezaji nina ombi moja: kwenye kopo nililonalo, onyo kuhusu samaki limechapwa nyuma, kwa Kiingereza pekee, kwa herufi ndogo zinazofutika kopo likilowa. Liandikwe mbele, kwa Kiswahili.