Nimelipia gesi: kupimwa kongosho hapa Tanga

Jina la kituo silitaji, watu wa Ngamiani mtakijua wenyewe. Daktari aliniandikia altrasaundi aliangalie kongosho, maana maumivu yalikuwa yananishika chini ya chembe ya moyo yanatokea mgongoni. Pale dirishani walipokea hela, hakuna aliyeniambia nije na njaa. Nikaenda na chai yangu na maandazi tumboni.

Aliyenipima kijana wa kumzaa kabisa. Shikamoo hakuna. "Panda hapo, funua tumbo." Akanimwagia ile jeli ya baridi, mkono mmoja kashika kidude cha kupimia, mwingine uko kwenye simu, anacheka na mtu wake. Jeli haijapata hata joto kashaniambia, "Una gesi, kongosho halionekani. Jifute." Akanirushia tishu moja. Moja! Jeli imenitiririka mpaka kwenye khanga. Ripoti mistari miwili, nirudi siku nyingine, na nilipe upya.

Haya, gesi ni kweli, simsingizii. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, na mawimbi ya sauti ya kipimo hicho yakikutana na hewa hayapiti. Ndiyo maana mtu huambiwa akae bila kula saa 6 hadi 8. Lakini si ungenigeuza basi, baba?

Nikarudi na njaa yangu na hasira zangu. Nikamkuta dada mwingine. "Shikamoo mama, pole. Umekula?" Gesi bado ilikuwepo. Akaninywesha maji, kwamba tumbo likijaa maji anapata pa kuchungulia. Akanikalisha, akanilaza ubavu, "vuta pumzi, ibane," huku anakandamiza kidude taratibu kuisukuma gesi pembeni. Kichwa cha kongosho akakiona, na kiwiliwili, havijavimba. Mkia ulimsumbua, akaandika hivyo hivyo kwenye ripoti. Mashine ile ile, kitanda kile kile!

Nilikuwa nakuja kuwaambia msikanyage pale. Sasa nasema nendeni, ila ulizeni kwanza zamu ya nani. Au bora msiende, maana nikiikumbuka ile tishu napandwa upya. Halafu ile hela ya pili nimeiulizia mapokezi, kwani kosa si langu. Naambiwa, "Mama, mfumo haurudishi." Mfumo gani huo unajua kupokea tu?