Sampu tatu kwa Nova moja: uzoefu wangu

Sampu, yaani lile bakuli la oili linalofungwa chini ya injini, ya kwanza niliinunua kwa macho. Ilikuwa ya kromu, inang'aa kama sufuria ya harusi, bei rahisi, na tangazo limeandika wazi kabisa: Chevrolet Nova 1972. Gari langu ni Nova ya 1972. Nikalipa, nikalala usingizi mzuri. Siku nne baadaye nilikuwa nimelala chali kwenye saruji ya gereji yangu hapa Houston, sampu kifuani, nikiilazimisha ikae mahali isipotaka kukaa. Upinde wake wa nyuma ulikataa katakata kushika sili ya krankshafti, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, na kile kinafasi cha dipstiki, kijiti cha kupimia oili, kilikuwa upande wa dereva wakati dipstiki ya injini yangu iko upande wa abiria.

Nova hii ilizaliwa na V8 ya inchi za ujazo 307. Kabla haijanifikia mimi, mtu aliitoa akaweka 350 ya pikapu ya miaka ya 90. Injini hizi za Chevrolet ni ukoo mmoja ulioanza 1955 na ile ya 265, na ukizitazama kwa juu utaapa ni mapacha. Chini ndiko zinakotofautiana. Hadi 1985 sili ya nyuma ilikuwa ya vipande viwili. Kuanzia 1986 ikawa kipande kimoja, na upinde wa sampu ukabadilika nayo. Dipstiki ilikuwa upande wa dereva hadi 1979, kisha ikahamia kwa abiria. Hata sili ya mbele ilikuwa nyembamba hadi 1974, halafu ikanenepa. Kwa hiyo mwaka unaoandikwa kwenye kadi ya gari haukusaidii kitu kama injini si ile iliyotoka nayo kiwandani, na kwa magari ya umri huu, si ajabu injini ikawa imeshabadilishwa.

Nilimpigia mjomba wangu Dar. Amezeekea kwenye gereji za mtaa wa Gerezani, mikono imeshaota weusi wa oili usiotoka hata kwa sabuni ya unga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Mbona sauti imekufa?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo.

"Ulikwenda dukani na sampuli?"

"Nimenunua mtandaoni, mjomba."

"Basi ndiyo hivyo. Sampu bila sampuli."

Alicheka peke yake mpaka akakohoa. Lakini ana haki. Utotoni alinituma mara ngapi dukani na kipande cha zamani kimefungwa kwenye gazeti, muuza spea akilaze kwenye kaunta na kukipima na kipya? Huku nimekaa miaka kumi na moja, nikaanza kuamini kisanduku cha kuchagua mwaka na modeli.

Nikaingia chini na brashi na petroli, nikasugua nyuma ya bloku upande wa dereva, pale inapokutana na gia boksi, nikasoma namba iliyosubiwa kwenye chuma. Ndipo nikajua nina bloku gani. Lakini bloku inakwambia nusu tu ya habari, yaani kingo za sampu. Tumbo la sampu, ile sehemu yenye kina inapokusanyika oili, linaamuliwa na gari. Kwa Nova za kuanzia 1968, kama kwa Camaro na Chevelle, tumbo liko nyuma, kwa sababu mbele kunapita kiunzi cha chasi na vyuma vya usukani. Mwenye Chevy II, yaani Nova za mwanzo za 1962 hadi 1967, asinifuate mimi. Vyuma vyake vya usukani vimekaa vingine na anahitaji sampu yake maalumu.

Sampu ya pili, basi, kingo zilikuwa sawa na tumbo lilikuwa nyuma. Kosa langu safari hii lilikuwa tamaa. Nilichukua ile ndefu ya watu wa mashindano ya mstari mnyoofu, nikidhani oili nyingi ndiyo usalama wenyewe. Ilining'inia inchi moja na zaidi chini ya kiunzi cha chasi. Mahali ninapokaa kuna matuta matatu kabla ya geti. Wiki ya pili, tuta la kati liliibusu. Haikuvuja hata tone, nikamshukuru Mungu nikaendelea na safari, kumbe ndiyo kwanza balaa linaanza. Pigo lilikuwa limesukuma sakafu ya sampu juu, karibu na mdomo wa bomba ambalo pampu inanyonyea oili. Pampu ikawa inanyonya kama mtu anayekunywa soda kwa mrija uliogusa kitako cha chupa. Injini ikichangamka, presha ya oili inashuka badala ya kupanda.

Nafasi kati ya mdomo huo na sakafu inatakiwa iwe kama robo inchi hadi inchi tatu ya nane, yaani milimita 6 hadi 9 na ushei. Ikipungua pampu inakabwa, ikizidi sana itanyonya hewa. Ndiyo maana kila kina cha sampu kina bomba lake. Ukinunua sampu bila bomba linalolingana nayo, umenunua nusu ya kitu. Mimi hupima kwa ule udongo wa rangi wa kuchezea watoto: bonge dogo juu ya mdomo wa bomba, weka sampu na gasketi yake, bana kidogo, fungua, pima unene uliobaki. Binti yangu alinidai rangi ya kijani wiki nzima.

Sampu ya tatu ndiyo iliyopo sasa, na ndiyo hasa ninayoitolea ushuhuda. Majina utakayoyasikia sana kwenye bidhaa hizi ni Moroso, Milodon na Canton. Yangu sitasema ni ya nani, nisije nikaambiwa nimelipwa. Ni ya chuma, kina chake ni kama cha kiwandani, ila imetanuka mashavu pembeni, hivyo badala ya lita 4.7 za kawaida pamoja na filta inabeba karibu 6.6. Ndani ina kuta na vimilango vya bawaba.

Vimilango hivyo ndivyo vilivyonifanya nilipe mara nne ya bei ya ile ya kromu. Gari likiondoka kwa nguvu, oili inakimbilia nyuma, na kwa Nova hiyo ni neema kwa kuwa tumbo na bomba viko huko huko. Shida ni breki. Oili yote inamiminika mbele, bomba linabaki kavu, na beringi zinasaga chuma kwa chuma. Wenye Mustang za enzi zile, ambazo tumbo liko mbele, wao wanaogopa kinyume chake. Kimilango kinaruhusu oili iingie kwenye chumba cha bomba, ikitaka kutoka kinajifunga. Zamani nikishuka kutoka barabara ya 610 na kukanyaga breki kwa nguvu, mshale wa presha ulilala. Sasa unatikisika kidogo tu. Kipimo cha wazee ni presha ya pauni 10 kwa inchi ya mraba kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika, na ninaipata hata injini ikiwa ya moto.

Niliongeza pia kile kisinia kinachokaa kati ya krankshafti na oili. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, krankshafti inajizungusha mara 100 kila sekunde. Ikichapa oili kwa kasi hiyo inaigeuza povu, na povu halilainishi kitu. Sina namba za kuthibitisha nguvu nilizopata, na sijali.

Sasa kero, maana zipo. Mashavu ya sampu yaligombana na stata ya zamani, nikalazimika kununua ndogo. Bolti mbili zimefichwa nyuma ya mabomba ya ekzosi, zinafikiwa na spana iliyopinda na maneno yasiyoandikika. Kuifunga injini ikiwa ndani ya gari ni adhabu: unalegeza mikono ya injini, unainua kwa jeki na kipande cha ubao, unashusha vyuma vya usukani, na usisahau kutoa kofia ya distributa kabla ya kuinua, la sivyo itapondwa na ukuta wa nyuma. Dipstiki nayo ilidanganya, kwa hiyo nilimimina kiasi ninachokijua nikaweka alama mpya kwa tupa. Na kila nikibadilisha oili, dumu moja la hapa, lile la lita 4.73, halitoshi.

Gasketi nilitumia ya mpira ya kipande kimoja, silikoni tone tu kwenye kona nne, bolti zikazwe kwa vidole vya mtu mwenye adabu. Ile ya kromu bati lake lilikuwa jembamba kiasi kwamba kubana kidogo tu tundu lilibonyea. Iko ukutani gerejini, wageni wanaisifu.

Nimeweka boksi jeupe chini ya gari kwa mwezi mzima. Upande wa injini ni pakavu. Nyuma yake kidogo kuna tone moja jekundu kila asubuhi: ni la gia boksi, sampu yake nayo imechoka. Nimeshaifungua. Ya zamani iko kwenye buti, imefungwa kwenye gazeti, Jumamosi nakwenda nayo dukani.